Walii wa Mambo Yaliyoshindikana

Mwanangu Zuwena,

Kabla hujaendelea mbele, ujue umelelewa na mtu wa namna gani. Katika Maskati hii yote iliyomo ndani ya ukuta, ukimtoa Sultani na ukimtoa mpiga ngoma wa lango, hapana mtu anayehitajiwa kuliko mie ami yako. Sultani unajua mwenyewe. Mpiga ngoma nnamtoa kwa sababu bila yeye watu hawaijui saa ya kufungiwa. Baada ya hao wawili nnakuja mie. Waingereza wenyewe wameniita walii, mchana kweupe, mezani, mbele ya wageni saba, na mmoja wao alikuwa kapteni wa manowari. Au alivaa kofia kama ya kapteni.

Haya, hilo limekwisha. La pili ni zito, na nnalisema mapema usije ukaipekua bahasha ukidhani limejificha chini. Karatasi ya kurudi haimo humu. Haimo nyumbani, haimo ofisini, wala haijaandikwa. Jana ulisema mbele ya mke wangu Bi Moza, umeshika ungo wa mchele, "Ami, bila karatasi ya kurudi mie sipandi meli." Nami nikakujibu, "Imekwisha kupigwa muhuri, nitakukabidhi kesho forodhani." Ukacheka, ukarudi kuchagua mchele wako. Nilikudanganya, mwanangu.

Sasa hivi ni baada ya Alasiri. Nimepanda huku juu nikafunga mlango, nnawasikia wewe na mama yako mkubwa aliyekuja kukuchukua mkibishana kama Kuwait kuna masufuria au hakuna. Barua hii nitakupa mkononi kabla ya Magharibi, uwe na jioni nzima ya kunighadhibikia na kuamua kama kesho unapanda au hupandi. Nilikuwa na mpango mwingine, wa kijanja zaidi. Huo nitakwambia, lakini niache niuzunguke kwanza. Unanijua, mie huwezi kunipeleka moja kwa moja.

Mambo ya malimau ya kunusa melini na nguo za baridi sisemi, Bi Moza amekwisha kukuimbia tangu Ijumaa.

Kazi yangu unaijua. Watu wa mtaa husema mie mtumishi wa yule Mngereza. Mtumishi ni mtu wa kutumwa. Mie hutumwa, sikatai, lakini hutumwa mambo makubwa. Siku ile ya wageni saba nilitumwa nguru. Niliamka Alfajiri nikamngoja mvuvi wa kijiji cha Yiti aje na punda wake, nikachagua nguru mwenye macho ya kung'aa, nikampika mwenyewe kwa ndimu na bizari maana mpishi alikuwa na homa. Wageni wakala mpaka wakafungua vifungo. Hapo ndipo bibi mmoja wa Kizungu akatafuta miwani yake asiione, na mwenziwe akamwambia amwombe mtakatifu wa vitu vilivyopotea. Wakacheka. Wakaanza kuwataja watakatifu mmoja mmoja, kama sisi tunavyotaja majina ya samaki: huyu ni wa mabaharia, huyu wa washona viatu, huyu wa wenye koo bovu, huyu wa wasichana waliokosa waume. Mie nimesimama na sinia la wali. Basi Mngereza wangu akaninyooshea uma, akasema, "Na huyu wetu hapa ni petroni seinti wa mambo yaliyoshindikana."

Alisema hivyo kwa sababu kila wiki mie humletea mtu mlangoni. Leo mama anayetaka cherehani yake itolewe forodhani, kesho mzee anayetaka kujenga choo na hajui aombe ruhusa kwa nani. Wageni wote saba wakacheka. Mie nami nikacheka, na wali ukimwagika kidogo.

Nilipotoa vyombo nilikwenda moja kwa moja kwa Kaitano, karani wake, yule Mgoa mwenye sauti ya chini aliyekupa penseli. Alikuwa anapiga tapureta.

"Kaitano, petroni seinti ni nini?"

"Nani kakwambia neno hilo?"

"Nimepewa."

"Umepewa?" Akavua miwani. "Sikiliza, bwana. Kwetu sisi kila fundi ana mtakatifu wake. Mvuvi anaye, seremala anaye, hata mwenye meno mabovu anaye. Ni mtu mwema aliyekufa zamani, unamwomba akuombee kwa Mungu. Mama yangu kule Goa alimwashia wake mshumaa kila Jumanne."

"Basi ni walii."

"Karibu na hivyo."

"Basi mie ni walii wa Waingereza!"

"Polepole. Waingereza wa siku hizi wanalinyunyiza neno hilo kama chumvi. Mtu akichelewa kila siku, watasema yeye ndiye mtakatifu wa wachelewaji. Mpishi akiunguza mikate, ni mtakatifu wa mikate iliyoungua. Mama yangu alipiga magoti. Hawa wanasema huku wakingoja kahawa."

"Lakini katika mzaha si mna ukweli?"

"Mna huruma kidogo na mna kucheka kwingi. Usiutie mfukoni kama mshahara."

Zuwena, mie nilitoka na ile nusu ya mwanzo ya maneno ya Kaitano. Nusu ya pili niliiacha pale pale juu ya meza yake. Kufika Magharibi mtaa mzima ulikwisha kujua. Bi Moza peke yake ndiye aliyesema, "Khalfan, walii gani anakoroma?" Weye ulicheka mpaka ukakohoa, na mie nikaona mtu akicheka hivyo ndani ya nyumba hii basi uwongo huo una faida.

Nnakumbuka ulivyokuwa tulipofika. Miaka kumi na minne, sketi yako ya skuli umeikunja ndani ya mkeka kama mtu aliyeambiwa tunakwenda kwa wiki mbili. Kule Unguja ulikuwa wa pili darasani, na marehemu baba yako, kaka yangu, alipokuwa anaumwa aliniambia neno moja tu kukuhusu: asome. Nikamwambia atasoma. Tukaja huku, skuli ya wasichana hapana. Umekaa miaka minne na vitabu viwili, kile cha hesabu na kile cha ramani, mpaka kile cha ramani kimetoboka pale pale ilipo Maskati kwa kuwekewa kidole. Milima hii myeusi imetuzunguka, mchana inameza jua, usiku inatutemea joto. Usiku lango linafungwa, ukitoka utoke na fanusi mkononi uonekane uso. Mwaka wa pili huu nnaomba ruhusa ya kutoboa dirisha upande wa bahari. Uliniuliza, "Dirisha la nini, ami?" Nikasema la upepo. Nilitaka uone meli. Ukuta bado ukuta, na weye ndiye unayekwenda kupanda meli yenyewe.

Ndiyo maana watu walikuja kwangu. Mtu aliyefungiwa hupiga kila mlango, hata uliochorwa ukutani. Walikuja na halua, na ndizi, na kuku mmoja aliyemkimbia Bi Moza mpaka juu ya dari. Nilimwambia kila mmoja, "Nitasema naye." Hadithi ya ile eropleni niliyoiteremsha uwanja wa Ruwi kwa kupunga kanga ilitoka wakati huo huo. Weye ulikuwa ukinishika: "Ami, juzi ilikuwa kanga, leo imekuwa shuka?" Ilikuwa imekwisha kutua nilipofika, mwanangu. Rubani alikuwa anakojoa nyuma ya gurudumu.

Hayo hayana ubaya, watu walicheka. Lenye ubaya ni la Bi Salma, yule jirani wa kisimani. Mwanawe alitoroka kwenda Bahrain kufanya kazi, bila karatasi, na unajua khabari za waliotoka bila karatasi, mlango wanauona kwa nje tu. Alikuja akakaa kwenye mkeka, hakuomba kitu. Akaweka bakuli la halua, akauliza, "Nimwandikie nini mwanangu?" Nami, tumbo limejaa sifa, nikasema, "Mwandikie afunge mizigo." Kijana akafunga. Huu mwaka wa pili. Mamake anasema sanduku halijafunguliwa mpaka leo, anachomoa shati la juu analifua, analirudisha pale pale, kwa sababu walii wa Maskati kasema afunge. Bi Salma akinikuta njiani hunisalimia kwa heshima ile ile. Laiti angenitukana. Nimepata kupita njia ya nyuma ya msikiti, juani, kwa kuikimbia salamu ya yule mama.

Ulipokuwa mdogo kule Unguja, bibi yako, mama yangu, alikuwa akikuchukua ziara, kwenye lile kaburi la shehe ufukweni, na mie alinichukua kabla yako. Hapa jamaa zetu hawayapendi hayo, siku tulipofika tu walituambia tuyaache huko huko, na Bi Moza ubani wake sasa ni wa kufukizia nguo. Lakini nnalikumbuka lile kaburi: kitambaa cheupe, chupa ya marashi, chetezo. Mie nikapiga magoti nikaanza kuomba baskeli. Bibi yako akanifinya hapa juu ya mkono. "Umemtaja jina lake?" Nikasema si ndiye huyu huyu aliyelala hapa. Akasema, "Mtaje yeye na babake, ndiyo ajue anaitwa yeye. Usipomtaja unazungumza na mawe." Nikamtaja. Baskeli sikupata, lakini maneno yale yamenirudia mwezi huu wote, na sasa utaona kwa nini.

Barua ya Mngereza ya kukupatia karatasi hiyo, mwanangu, niliomba. Usidhani sikuomba. Mama yako mkubwa alipoandika kwamba yeye na mumewe watakuja kukuchukua, na kwamba Kuwait kuna skuli ya wasichana hata ya wakubwa, nilikwenda siku hiyo hiyo. Katika ofisi ya ruhusa za safari walikuwa wamenieleza: msichana atapewa karatasi ya kurudi ikiwa ami yake atamdhamini, na huyo ami naye awe na mtu mkubwa wa kumwandikia kwamba ni mwaminifu. Basi. Nilimpa Mngereza kahawa, nikamwambia. Hata hakuuliza mara mbili. Akasema msichana mzuri yule, akamwita Kaitano, Kaitano akapiga tapureta, akatia saini. Nusu saa haikutimia. Mie walii nimeshinda, na kwa kweli safari hii nilishinda kweli.

Nikaipeleka ofisini. Karani mle ni mtu mpole, akaisoma mpaka mwisho, akasema, "Barua nzuri sana. Salum ni nani?"

"Ni mie."

"Hati yako inasema Khalfan."

Nikaichukua ile barua, nikaikunja.

"Hapana neno," akasema. "Mwambie bwana wako aibadilishe jina. Kazi ya dakika tano. Leta hata kesho."

Nilikuandikia hapo juu kwamba mezani siku ile Mngereza alisema "huyu wetu hapa". Hakusema hivyo. Alisema, "Na Salum." Salum alikuwa mtumishi aliyenitangulia, amerudi kwao Barka kabla sijafika. Siku yangu ya kwanza Mngereza alikuwa anasoma gazeti, akasema bila kuinua uso, "Salum, chai." Nikaleta chai. Nilisema moyoni, leo ana shughuli, nitamsahihisha kesho. Kesho yake kulikuwa na wageni. Mwezi wa pili nikaona haya kwa ajili yake, maana angejua kwamba amekosea muda wote huo. Mwaka wa pili nikaona haya kwa ajili yangu. Sasa ni mwaka wa nne.

Kwa hiyo nilikwenda na barua mfukoni mwa kanzu. Kila asubuhi, wiki tatu. Nnaweka sinia, nnasimama, maneno yamo mdomoni tayari. Yeye anainua macho: "Ndiyo, Salum?" Na mie nnasema, "Sukari, sahib?" Miaka minne, na hatii sukari.

Kaitano alisema, "Niache nimwambie mie." Nikamwapisha asithubutu. Ungemwona, mtu mzima, anapiga tapureta kwa nguvu kama ananipiga mie. "Bwana Khalfan," aliniambia, "mlango uko wazi. Mtoto anangoja. Unaogopa nini?" Nikamwambia kahawa ya Mngereza inapoa, nikaondoka. Weye nitakujibu. Niliogopa kwamba nikisema jina langu, ataniangalia kama mtu anayemwona mgeni sebuleni kwake. Kwamba yule anayejulikana na Waingereza, aliyepewa cheo mbele ya wageni saba, aliyemwambia Bi Salma amwandikie mwanawe afunge mizigo, ni Salum wa Barka, na huyu Khalfan hapana anayemjua. Na kuna la pili, dogo na baya zaidi. Kila siku niliyorudi mikono mitupu, weye ulikuwapo. Uliniuliza, "Vipi, ami?" Nikasema wino wa muhuri unakauka. Ukanitilia kahawa. Nilikuwa nnaipata kahawa ile kwa kukuzuilia karatasi yako, nami nilijua.

Alkhamisi iliyopita Mngereza alipanda eropleni kwenda kwao mapumzikoni, harudi mpaka baridi iishe. Alinipa mkono. "Kwaheri, Salum, nitunzie nyumba." Nikasema nitaitunza.

Sasa mpango wangu wa kijanja. Nilitaka kuitia ile barua yenye jina la Salum ndani ya bahasha, niigundishe vizuri, nikukabidhi kesho forodhani mashua ikiwa tayari inasukumwa, nikwambie usiifungue mpaka Kuwait, karatasi za serikali hazipendi upepo wa bahari. Ungeamini. Ungepanda ukicheka. Siku utakayotaka kurudi, miaka hiyo ijayo, ungeitoa mbele ya mtu wa ofisi naye angekuuliza Salum ni nani. Leo adhuhuri bahasha ilikuwa mkononi na gundi imekwisha kupakwa. Halafu nikakusikia huko chini unamwambia mama yako mkubwa, "Mie ami yangu kanishughulikia, nna karatasi." Ulisema kwa majivuno. Majivuno yale nnayajua, ni yangu, umeyatoa kwangu, na hayakufai.

Basi hii ndiyo bahasha. Ile barua ya Salum nimeitia pia, uione, uchane au uiweke.

Ukisema hupandi, sitakulaumu wala Bi Moza hatakulaumu, mizigo itafunguliwa, na mie nitakutazama ukikiweka kidole kwenye ile ramani kila siku iliyobaki ya uhai wangu. Ukiniuliza nnataka nini, nnataka upande. Panda ukijua kwamba nyuma yako hapana kitu kilichopigwa muhuri. Mngereza akirudi nitasema naye. Kaitano amenifundisha kwa Kiingereza cha adabu namna ya kusema kwamba jina langu silo hilo, ni maneno machache sana, leo asubuhi nimemsomea mara tatu bila kukosea. Lakini usifunge wala usifungue sanduku kwa ahadi yangu. Unamjua aliyefanya hivyo. Toa nguo sandukuni, zitundike, kaa Kuwait kama mtu aliyefika. Karatasi ikija, ije ikukute na maisha yako.

Na huko skuli, mwalimu akikosea jina lako siku ya kwanza, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama darasa zima linakutazama. Zuwena binti Nasor. Siku ya pili linakuwa zito, ya tatu linakuwa la mwenzio. Nakuambia kwa sababu nimelibeba, sikulisoma popote.

Nnakusikia unapanda ngazi. Bi Moza anakwambia uniache nipumzike, walii amelala. Nimalize.

Juzi Bi Moza aliniita mara tatu toka jikoni, "Khalfan! Khalfan! We Khalfan!" nami sikuitika, akadhani nimenuna. Sikununa. Na sokoni Matrah, mtu yeyote akiita "Salum," katika watu wote waliomo mle, mie ndiye wa kwanza kugeuka.

Ami yako,
Khalfan